Mwongozo kamili: Kupiga picha na kuhariri ndege wa majini kwenye jua la jioni, mkoani Kigoma

Kigoma jua huzama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Jambo hilo moja linaamua picha yako ya ndege kuliko kamera, kuliko lenzi, kuliko programu ya kuhariri. Ukishuka mwaloni saa kumi na mbili jioni, ukasimama mchangani na kulitazama ziwa, umelitazama jua usoni. Yangeyange aliye mbele yako ataonekana mweusi, na mwanga wote mzuri utakuwa upande wa pili wa mwili wake usiouona. Weusi huo una uzuri wake na una hatua yake hapa chini. Lakini ukitaka manyoya yaliyopata rangi ya asali, jicho linalometa na kila unyoya ukihesabika, geuza mpangilio: ziwa liwe mgongoni mwako, ndege awe mbele, nchi kavu iwe mbali nyuma yake.

Wapigapicha wengi wanaoanza huuliza kwanza habari za lenzi. Mimi nasema uliza kwanza utasimama wapi. Mwenye lenzi ya kawaida aliyesimama upande sahihi wa jua atarudi na picha nzuri kuliko mwenye lenzi ya mamilioni aliyesimama upande mbaya.

Hatua ya 1: Jua saa na upande wa jua

Tanzania yote inafuata majira yaleyale ya saa, ila Kigoma iko magharibi mno. Kwa sababu hiyo jua la hapa huzama takriban dakika 39 baada ya kuzama Dar es Salaam, na takriban dakika 13 baada ya Tabora. Kwa mwaka mzima linazama kati ya saa 12:50 jioni na saa 1:25 usiku: mapema zaidi Mei na kati ya Oktoba na Novemba, kwa kuchelewa zaidi Februari. Ukisoma maelezo yaliyoandikwa na mtu wa pwani kwamba uwe tayari saa kumi na moja na nusu, ongeza muda.

Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, digrii 15 kwa kila saa. Hatuna jioni ndefu kama nchi za kaskazini, ambako mwanga wa dhahabu unaweza kukaa saa nzima na zaidi. Hapa mwanga unaofaa ni wa dakika 40 za mwisho, na ule mzuri hasa ni kama dakika 20. Milima ya Kongo nayo inakula dakika chache, kwa hiyo jua hupotea kabla ya saa iliyoandikwa kwenye programu ya simu. Fika saa kumi na moja jioni, ukiwa na muda wa kuwasoma ndege, kuchagua sehemu na kutulia.

Jambo lingine ambalo watu hawalitilii maanani ni kwamba jua halizami mahali pamoja mwaka mzima. Juni linazama kaskazini zaidi ya magharibi, Desemba kusini zaidi, na kati ya ncha hizo mbili kuna karibu digrii 47. Tuta ulilokaa Julai ukapata mwanga wa mbele kabisa, Januari litakupa mwanga wa ubavuni. Chukua dira ya simu, tazama leo linazama wapi, halafu ndipo uchague pa kukaa.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Mahali ninapopapendekeza kwa anayeanza ni bonde la Mto Luiche, kusini mwa Ujiji, ambako mto unaelekea ziwani ukipita kwenye mashamba ya mpunga na matete. Faida ya majaruba ni kwamba unachagua upande. Unakaa kwenye tuta la magharibi, unatazama mashariki, na jua linakupita begani kwenda kumwangaza ndege. Yangeyange wapo, fundi-chuma wapo, kwarara wanapita, na korongo hutua maji yakiwa mengi. Ila majaruba ni ya watu. Msalimie mwenye shamba, mzee mpe shikamoo yake, eleza unafanya nini, na usikanyage miche wala kubomoa tuta ili upate picha. Ukishajulikana, wakulima wenyewe watakuambia korongo walitua wapi jana.

Mahali pa pili ni delta ya Mto Malagarasi, upande wa Ilagala. Malagarasi ndio mto wenye bonde kubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika, na matope unayoyaleta ndiyo yanayotengeneza vichanga na maji mafupi wanayoyapenda ndege wenye miguu mirefu. Hapa utahitaji mtumbwi au boti. Mnatangulia upande wa ziwa, mnageuza chombo, na sasa kichanga chenye ndege kiko mashariki yenu huku jua liko migongoni. Mtumbwi una faida ambayo hakuna stendi itakupa: umekaa chini karibu na usawa wa maji, yaani usawa wa jicho la ndege.

Sasa nisikilize vizuri. Delta ina viboko na mamba, na Luiche nayo ina maeneo yake. Saa ya mwanga wa dhahabu ndiyo saa ambayo kiboko anajiandaa kutoka majini kwenda kula majani. Usikae kwenye njia yake, ile iliyolainika kati ya matete na maji. Usilale kifudifudi ukingoni pasipo mwenyeji anayepajua. Usiingie majini kwa miguu ili umkaribie ndege. Hata pasipo mamba, maji yaliyotuama yenye majani yanaweza kuwa na kichocho. Mchukue mvuvi au nahodha anayeifahamu sehemu, mlipe haki yake, na akisema tuondoke, ondokeni. Jaketi okozi ni lazima, na kama upepo wa kusi umeshika, kama unavyofanya mara nyingi kati ya Mei na Agosti, msivuke penye mawimbi kwa ajili ya picha.

Mialo ya Kibirizi na Katonga inafaa kwa sababu nyingine. Pale ndege wamezoea watu. Dagaa wakianikwa, yangeyange na fundi-chuma hawako mbali, na mtu mwenye lenzi fupi au simu anaweza kupata picha kubwa. Ukiwa nchi kavu utalitazama jua, kwa hiyo panga kupiga weusi wa maumbo: ndege, ngalawa na wavuvi wanaojiandaa kwenda kuvua kwa taa. Kwa picha zenye watu, omba ruhusa kwanza.

Aliyeko Tabora ana Bwawa la Igombe. Ufukwe wa bwawa unazunguka, hivyo unaweza kwenda upande wa magharibi, ukageukia mashariki, na kazi ikawa rahisi kuliko ya sisi tuliopewa ufukwe wa upande mmoja.

Kuhusu ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi: mwaka 2000 ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, ina takriban hekta milioni 3.25, na ndimo anamoishi korongo-nyangumi, yule mwenye domo pana kupindukia. Ni mahali pa kuota na kupanga, siyo pa kuanzia. Sehemu yake ni pori la akiba, kuingia kunahitaji kibali, na umbali ni mkubwa. Jifunze kwanza kwa yangeyange wa Luiche. Ukimudu weupe wake, hakuna ndege atakayekushinda.

Hatua ya 3: Soma hali ya hewa

Kiangazi, hasa Julai hadi Septemba, nyasi huchomwa na moshi hutanda. Jua hugeuka jekundu na kupoteza nguvu kabla halijafika milimani. Mwanga ni laini, rangi ni nzuri, lakini picha za mbali hukosa ukali. Wakati huo piga karibu, au piga maumbo meusi dhidi ya duara la jua. Usilitazame jua kupitia kitafutio cha kioo cha kamera lingali kali; linaumiza jicho.

Kuanzia Septemba hadi Aprili kuna wageni kutoka kaskazini ya dunia, wale ndege wadogo wa matopeni wanaokimbiakimbia na kuchomachoma kwa mdomo. Ni wagumu kupiga, na ndio wanaokufundisha subira.

Lakini kama ningeambiwa nichague aina moja tu ya jioni kwa mwaka mzima, ningechagua jioni ya masika baada ya mvua. Wingu zito jeusi limehamia mashariki, juu ya nchi. Magharibi, juu ya Kongo, wingu limeinuka kidogo na kuacha mwanya. Jua linashuka, linafika kwenye mwanya, na kwa dakika chache linamulika kila kitu kwa ubapa kutoka ziwani. Wewe umelipa ziwa mgongo. Yangeyange mweupe anang'aa dhidi ya wingu la rangi ya risasi, hewa imeoshwa haina vumbi, na hakuna uhariri wowote unaoweza kutengeneza tofauti hiyo ya mwanga na giza. Kwa hiyo mvua ikinyesha saa tisa, usikate tamaa ukabaki nyumbani. Tazama magharibi. Ukiona ukanda wa anga safi chini ya mawingu, beba kamera.

Hatua ya 4: Vifaa

Sitakaa sana hapa. Kamera yoyote inayobadilisha lenzi na kupiga faili za RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaibana, inatosha. Lenzi ya milimita 300 ndiyo mwanzo mzuri, 400 hadi 600 inakupa nafasi zaidi. Badala ya stendi nzito, shona mfuko wa kitambaa ujaze mchele au maharage, uulaze kwenye tuta au kwenye ukingo wa mtumbwi. Lenzi inatulia juu yake. Beba mfuko usiopitisha maji, kitambaa laini, betri ya akiba na tochi ya kurudia. Vaa mikono mirefu, kwa sababu mbu huanza kazi wakati huohuo wako.

Mwenye simu asijione hana nafasi. Simu haitampata ndege mmoja aliye mbali, lakini kundi linaloruka kwenda kulala juu ya ziwa lenye rangi, simu inaliweza. Gusa skrini pale penye anga angavu, shusha mwangaza kwa kidole, piga.

Hatua ya 5: Panga kamera kabla hujakaa

Fanya haya ukiwa bado na mwanga mwingi:

Faili iwe RAW. Mwanga wa jioni una tofauti kubwa kati ya paji la ndege na tumbo lake, na JPEG haikupi nafasi ya kurekebisha.

Uwiano wa weupe, yaani jinsi kamera inavyosoma rangi ya mwanga, usiuache otomatiki. Kamera ikiona dhahabu hudhani ni kosa la rangi na kuifuta. Weka alama ya jua, au namba ya Kelvin kati ya 5200 na 5600. Kwa kuwa ni RAW unaweza kubadilisha baadaye, lakini ni vizuri unachokiona kwenye skrini kifanane na kilicho mbele yako.

Tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3 linatosha. Kwa ndege aliyesimama, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde) 1/500; akitembea na kuchoma samaki, 1/1000; akiruka, 1/1600 hadi 1/2000. Ukiwa ndani ya mtumbwi ongeza kasi hata kwa ndege aliyesimama, kwa sababu wewe ndiye unayetikisika. ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, ndiyo itakayopanda mwanga ukishuka. Saa moja kabla ya kuzama ISO 400 inaweza kukupa 1/2000 kwa f/5.6, jua likigusa mlima utahitaji 1600 au zaidi kwa 1/500 tu. Usiogope chenga, vile vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa. Picha yenye chenga inasafishika, ila iliyotikisika imekwenda.

Fokasi iwe endelevu, ile inayomfuata ndege akisogea. Kamera yako ikiwa na utambuzi wa jicho la ndege, uwashe. Kama haina, chagua nukta moja ndogo na iweke kichwani. Kifua kikiwa kikali na jicho likafifia, picha haina uhai.

Hatua ya 6: Linda weupe

Hapa ndipo picha nyingi za yangeyange hufia. Kamera hupima wastani wa fremu nzima. Ndege mweupe mdogo akiwa mbele ya maji meusi, kamera inaona giza, inaongeza mwangaza, na ndege anaungua: manyoya yote yanakuwa karatasi nyeupe isiyo na mstari hata mmoja. Huko hakuna kurudi, hata kwa RAW. Ndege huyohuyo akijaza fremu, kamera inafanya kinyume, inampunguza mpaka anakuwa wa kijivu. Kwa hiyo hakuna namba moja ya fidia ya mwangaza ya kukariri. Ndege mdogo, maji meusi: shusha kuanzia −1 hadi −1.7 (namba hizi ni hatua za mwangaza; kushuka hatua moja ni kupunguza mwanga nusu). Ndege mkubwa aliyejaza fremu: rudi sifuri au hata ongeza kidogo.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuweka kila kitu kwa mkono. Washa onyo la kuungua, lile linalopepesa kwenye skrini. Mpige ndege mweupe aliye kwenye jua, tazama. Kama mgongo unapepesa, punguza hatua ya theluthi moja, piga tena, mpaka mpepeso uishe. Hapo umepata mwangaza wa jua lenyewe, na utabaki sahihi hata ndege akihama kutoka kwenye maji meusi kwenda mbele ya matete. Kosa la njia hii ni moja: jua letu linashuka haraka, kwa hiyo kila dakika chache rudia kipimo.

Kuna mtego mwingine. Mwanga wa jioni una wekundu mwingi, na mara nyingi ni rangi nyekundu peke yake inayoungua wakati histogramu ya jumla, ule mchoro wa mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha, inaonekana salama. Matokeo yake ni sehemu bapa ya rangi ya chungwa kwenye shingo au kwenye domo. Fungua histogramu ya rangi tatu na uiangalie nyekundu. Ikigonga ukuta wa kulia, punguza.

Kwa ndege wa rangi nyeusi na kahawia mambo yanageuka. Kwarara wa kahawia ana mng'ao wa kijani na zambarau begani ambao mchana wa saa saba huuoni. Jua la ubapa likimpiga ubavuni, mng'ao unafunguka. Kwake ongeza mwangaza theluthi mbili hivi, na msubiri ageuke kidogo. Pembe ikibadilika kidogo tu, rangi inawaka au inazima.

Hatua ya 7: Mkaribie ndege kwa haki

Usimfuate. Jua njia yake, tangulia, kaa, mwache aje. Yangeyange anayetafuta chakula ukingoni hutembea mstari mmoja kwa muda mrefu, kwa hiyo pita mbali, zunguka, kaa mita nyingi mbele yake, chini, bila kutikisika. Akinyoosha shingo na kuacha kula, umezidi. Tulia mpaka ashushe kichwa. Akiinama na kujikusanya miguu, anataka kuruka, na ukiendelea umempotezea chakula cha jioni.

Kurusha jiwe au kupiga makofi ili kundi liruke ni tabia mbaya, na naisema wazi kwa sababu nimeiona ikifanywa. Vivyo hivyo kusogelea viota. Mzazi akiondoka kwa sababu yako, kunguru na kenge hawachelewi.

Ukiwa kwenye mtumbwi, mwombe nahodha azime injini mapema na aache chombo kielee, kasia likiwa ndani. Sauti ya kasia kugonga ubao huwashtua kuliko umbo la mtumbwi wenyewe.

Shuka chini. Picha ya ndege iliyopigwa na mtu aliyesimama inamwonyesha mgongo na matope. Ukishusha lenzi mpaka karibu na usawa wa maji, usuli unarudi mbali, unalainika, na sura ya ndege katika maji inakamilika. Usiikate sura hiyo kwenye fremu.

Sikiliza upepo pia. Ndege hutua na kuruka akiukabili upepo. Mchana upepo mara nyingi hutoka ziwani kuja nchi kavu, na ukiendelea hadi jioni, ndege atakuwa anatazama ziwa, yaani anatazama jua na kukutazama wewe uliyeko upande huo. Hiyo ni zawadi ya ufukwe wetu. Siku za kusi, ndege hugeukia kusini-mashariki na kukupa mgongo. Basi hama, umpate ubavuni.

Hatua ya 8: Maumbo meusi

Jua likigusa mlima, geuka sasa ulitazame ziwa. Pima mwangaza kwenye anga iliyo kando ya jua, siyo kwenye jua lenyewe, kisha shusha tena hatua moja. Ndege awe ubavu, domo likiwa limejitenga na mwili, miguu miwili ikionekana kila mmoja peke yake. Korongo aliyekunja shingo na kutazama mbele huwa donge tu. Ngoja ageuke. Fundi-chuma ana kishungi nyuma ya kichwa kinachomtambulisha hata akiwa mweusi kabisa, na kwarara ana domo lililopinda. Chagua ndege ambao umbo lao linajieleza.

Baada ya jua kuzama usifungashe. Kwa dakika kumi na zaidi anga hubaki na rangi, na ndizo dakika ambazo makundi huruka kwenda mitini kulala, jioni baada ya jioni kwa njia ileile. Kaa chini ya njia hiyo. Unaweza hata kushusha shata hadi 1/30, ukawafuata kwa kuzungusha lenzi, mabawa yakawa mawimbi ya rangi. Nyingi zitaharibika, inayofaulu ina nguvu ya ajabu.

Hatua ya 9: Kuhariri

Lightroom ni ya kulipia. darktable na RawTherapee ni za bure na zinafanya kazi hii yote kwenye kompyuta. Kwenye simu, Snapseed inatosha. Majina ya slaida, yaani vitelezi vya kurekebishia, yanatofautiana, mantiki ni moja.

Anza kwa kufuta. Weka picha kwenye ukubwa kamili na tazama jicho. Halijakaa sawa, futa, hata kama rangi inavutia. Kisha kata fremu: nafasi zaidi mbele ya domo kuliko nyuma ya mkia, na mstari wa maji unyooke kabisa. Maji yaliyoinama yanaonekana haraka kuliko kosa lolote lingine.

Rangi ndiyo sehemu inayohitaji kujizuia. Dhahabu ya kweli haiko kila mahali kwenye fremu. Upande wa ndege unaolitazama jua una unjano na uchungwa. Upande wa kivuli unapokea mwanga wa anga, kwa hiyo una ubluu kidogo. Huo ubluu ndio unaoifanya dhahabu ionekane dhahabu. Ukisukuma slaida ya joto mpaka fremu nzima iwe ya chungwa, umeondoa tofauti hiyo na ndege amekuwa kama aliyechovywa kwenye rangi. Weka joto pale ulipokumbuka jioni yenyewe, kisha pima: weka kishale kwenye bega jeupe lenye jua na usome namba za rangi tatu. Nyekundu ikiwa 245, kijani 228 na bluu 195, kwa mfano, uko pazuri. Bluu ikishuka hadi 120, huyo si yangeyange tena.

Sehemu angavu zishushe kati ya −30 na −60 ili mistari ya manyoya irudi, kisha inua weupe wa juu kidogo sana ili ndege asiwe wa kijivu. Vivuli viinue kwa kiasi. Tumbo la ndege jioni lina haki ya kuwa na giza. Kwenye picha za maumbo meusi usiinue vivuli hata kidogo, bali ushushe weusi mpaka chenga zipotee humo.

Slaida ya kuondoa ukungu inajaribu sana kwa picha za kiangazi. Gusa 10, ishia hapo. Moshi wa Agosti ni sehemu ya jioni ya Agosti.

Sasa mchague ndege peke yake, kwa kinyago (uteuzi unaofanya marekebisho yaguse sehemu moja tu) cha otomatiki au kwa brashi. Mwongezee ukali ndani ya kinyago tu. Nje ya kinyago, kwenye maji na usuli, punguza chenga kwa nguvu zaidi, maana hapo hakuna manyoya ya kupoteza. Usuli ukiwa angavu kuliko ndege, ushushe robo ya hatua. Jicho likiwa gizani, liinue kidogo, bila kumtengenezea mng'ao ambao haukuwepo.

Kagua anga kwa ukubwa kamili utafute madoa ya vumbi la kihisio, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kwenye picha za jua kuzama yanajitokeza yote. Kufuta doa ni usafi. Kuhamisha jua, kubandika anga ya picha nyingine au kuongeza ndege wa tatu ni kitu kingine, na ukifanya hivyo sema.

Acha picha usiku mmoja. Asubuhi ifungue kwenye simu, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Mara nyingi utarudi kupunguza rangi, mara chache kuongeza.

Hatua ya 10: Kutoa na kushirikisha

Kwa mitandao toa JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini), upande mrefu pikseli 2048, ubora 85 hivi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na manyoya uliyoyalinda jioni nzima yanapotea. RAW zihifadhi sehemu mbili tofauti, folda ikiwa na tarehe na mahali, mfano 2025-03-Luiche, ili mwaka ujao ujue ni mwezi gani korongo walikuja.

Orodha ya ndege uliowaona unaweza kuipeleka eBird, tovuti ya kukusanya kumbukumbu za ndege, ambako inasaidia watafiti kujua nani anapita Kigoma na lini. Lakini kwa viota, na kwa korongo-nyangumi popote utakapompata, zima utambulisho wa mahali kwenye simu au ufute data za GPS kabla ya kuchapisha, na kwenye maelezo andika mkoa tu. Ndege hao hutafutwa na wafanyabiashara wa wanyama hai, na picha yenye GPS inawaonyesha njia.